Gari Changa Kuliko Kadi Yake

Mtoto wa dada yangu alifika kwangu Sakina, hapa Arusha, jioni moja ya Oktoba 2021, akanywa vikombe viwili vya chai bila kusema kilichomleta, nami sikumuuliza, kwa kuwa namjua tangu akibebwa mgongoni: akinyamaza namna ile, ana jambo la fedha. Ana duka la vifaa vya ujenzi Usa River, na biashara ilikuwa imemwendea vizuri kwa miaka miwili mfululizo. Kwa mtu ambaye wazazi wake wako Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, biashara ikienda vizuri na kalenda ikafika Oktoba, kinachofuata ni kuifikiria Desemba, ule msimu ambao barabara za Kibosho, Marangu na Rombo hujaa magari yaliyokuwa Dar es Salaam mwaka mzima, na kila mzee aliyekaa barazani huhesabu mtoto wa nani amepanda na gari gani.

"Mama mdogo," alisema hatimaye, "mwaka huu sipandi nyumbani na gari langu la Noah."

Akanionyesha picha kwenye simu. Ilikuwa Land Cruiser V8, ya toleo la 200, nyeupe, yenye viti vya ngozi, imeegeshwa katika uwanja wa nyumba moja huko Njiro. Dalali alitaka shilingi milioni 85. Kadi ya usajili ilisema gari lilitengenezwa mwaka 2012, lakini taa na grili ya mbele zilikuwa za ile sura mpya iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 2015. Dalali alikuwa na maelezo tayari: gari ni la 2012, ila mwenyewe amelibadilisha uso. Maelezo hayo si ya kupuuzwa moja kwa moja, kwa sababu mafundi wanaobadilisha uso wa V8 wapo, na wengine kazi yao ni safi kiasi kwamba usipofungua boneti huwezi kujua. Hata hivyo, bei ile ilikuwa ya chini mno kwa gari la 2012, na endapo gari lilikuwa jipya kama sura yake ilivyodai, haikufika hata nusu ya bei yake.

Kijana hakuja kuomba fedha. Alitaka nitazame makaratasi, maana nimefanya uhasibu kwa zaidi ya miaka 20, mingi katika kampuni za kupeleka watalii mbugani, na huko mhasibu ndiye anayekaa na mafaili ya magari: ankara ya ununuzi, tamko la forodha, barua za msamaha wa kodi, kadi na bima. Nilimwambia tutakwenda Jumamosi, lakini si peke yetu. Tutampitia Baba Neema, fundi wa gereji ya Unga Limited ambaye ameyafungua na kuyafunga magari ya Toyota tangu enzi ambazo Land Cruiser za wakubwa zilikuwa zikiitwa mashangingi.

Kabla sijaeleza tulichokikuta Njiro, sina budi kupitia hesabu, kwa sababu bila hesabu hii msomaji hawezi kuelewa ni kwa nini watu wenye akili timamu, wenye biashara halali na watoto shuleni, wanaweza kuyahatarisha majina yao kwa ajili ya chombo cha magurudumu manne.

Gari la abiria likiingia nchini hutozwa kwanza ushuru wa forodha wa asilimia 25, ambao ni kiwango cha pamoja cha Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Umoja wa Forodha ulipoanza kazi mwaka 2005. Hufuata ushuru wa bidhaa, ambao huangalia ukubwa wa injini: asilimia 5 kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 1,000 lakini haizidi 2,000, na asilimia 10 kwa inayozidi hapo. Mwisho huja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Kinachowachanganya wengi ni kudhani kwamba asilimia hizi hupangwa pembeni kwa pembeni na kujumlishwa, ilhali ukweli ni kwamba kila kodi hupanda juu ya mgongo wa ile iliyoitangulia. Tuchukue gari ambalo thamani yake ya forodha, yaani bei pamoja na bima na nauli ya meli hadi Dar es Salaam, ni dola 40,000. Ushuru wa forodha ni dola 10,000. Ushuru wa bidhaa hautozwi juu ya 40,000 bali juu ya 50,000, hivyo kwa injini kubwa ni dola 5,000. Kodi ya ongezeko la thamani hutozwa juu ya 55,000, nayo ni dola 9,900. Jumla ni dola 24,900, ukiacha tozo ndogo kama ile ya maendeleo ya reli. Mwenye gari la dola 40,000 anatakiwa kutafuta karibu dola 65,000 kabla hajawasha injini.

Hilo ni gari ambalo halijazeeka. Likiwa limepita miaka 8 tangu litengenezwe, ushuru wa bidhaa huongezewa asilimia 15, na likipita miaka 10 nyongeza hufika asilimia 30. Kwa thamani ile ile, nyongeza ya asilimia 30 ni dola 15,000, ambazo nazo huipandisha kodi ya ongezeko la thamani hadi dola 12,600, na jumla ya yote inakuwa dola 42,600. Kodi imelipita gari. Sheria ilikusudia kuzuia nchi isigeuzwe jalala la magari chakavu, na kwa gari dogo la dola 3,000 nyongeza hiyo watu huilalamikia lakini huilipa. Kwa gari la kifahari, tarakimu moja ikibadilishwa katika safu ya mwaka wa kutengenezwa inaweza kuwa na thamani ya nyumba ya vyumba vitatu. Nasema hivi nikikiri pia kwamba viwango vyenyewe ni vikali, na sioni haya kuliandika hilo. Lakini ukali wake unampata zaidi anayetafuta gari la kumpeleka mgonjwa hospitali kuliko anayetafuta V8, na huyo wa kwanza ndiye analipa.

Zamani udanganyifu ulikuwa wa bei. Mnunuzi alimwomba muuzaji wa ng'ambo amwandikie ankara mbili, moja ya kweli ya kupeleka benki na nyingine ya nusu bei ya kupeleka forodha. Njia hiyo imefinywa kwa magari yaliyotumika, kwa kuwa Mamlaka ya Mapato, TRA, ina mfumo wake wa thamani ambao mtu yeyote anaweza kuufungua mtandaoni, akachagua aina ya gari, mwaka, nchi litokako na ukubwa wa injini, akaona kodi yake yote kabla hata hajatuma fedha. Ankara ya bei ya kutupa haimsaidii sana mtu ikiwa afisa ana thamani yake mkononi. Kwa hiyo uongo umehama kutoka kwenye bei ukaenda kwenye maelezo ya gari lenyewe. Daraja la juu linaandikwa la chini, injini ya petroli ya lita 4.6 inakuwa ndogo kwenye karatasi, mwaka unasogezwa mbele. Magari yaliyouzwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani yana udhaifu mmoja unaowapendeza wadanganyifu: namba yake ya shasi si ile ndefu ya tarakimu na herufi 17 inayotumika kwingineko, bali ni fupi, herufi za toleo zikifuatwa na namba ya mfululizo, na ukiisoma haikuambii mwaka wowote. Mwaka lazima utafutwe kwenye kumbukumbu za huko lilikotoka.

Kuna pia gari la IT, yaani lile linalopita tu nchini likielekea nchi nyingine. Anayeishi kando ya barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma anayajua magari haya, yanayokimbizwa na madereva wasiolala, yakiwa na namba za muda, yakielekea Zambia na Kongo. Kwa kuwa yanapita tu, hayalipiwi kodi hapa. Wakala huweka dhamana, na dhamana hufunguliwa gari likishathibitishwa kuwa limevuka mpaka. Udanganyifu ni gari kuvuka mpaka kwenye karatasi huku lenyewe likiwa limelala kwenye banda Mbeya au Morogoro. Na kwa upande wetu wa kaskazini tuna Namanga na Holili, ambako gari lenye namba za Kenya huingia kwa kibali cha muda, jambo la halali na la kawaida kabisa kati ya majirani, mpaka pale kibali kinapokwisha na gari likawa halikumbuki njia ya kurudi. Haya nayapita haraka kwa sababu gari la Njiro halikutokea huko.

Arusha ina mlango wake. Huu ni mji wa misamaha. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa, na kwa miaka ishirini hivi, hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikuwa hapa. Ukiongeza miradi ya wafadhili, taasisi za dini na kampuni za utalii, ambazo zenye leseni zimewahi kupewa nafuu ya ushuru wa forodha kwa magari ya kubebea watalii, unapata mji mdogo wenye magari mengi makubwa ambayo hayakulipiwa kodi yote, na ambayo kila moja lina sababu halali ya kutolipiwa. Msamaha lakini si wa gari. Ni wa matumizi na wa mtu aliyepewa. Siku gari linapouzwa kwa asiye na msamaha, au linapoacha kazi iliyoombewa, kodi inaamka. Hutozwa kwa thamani ya wakati huo, na mhusika anatakiwa kuilipa kabla gari halijabadilisha mikono. Ndiyo maana matangazo ya minada ya taasisi hizi huwa na ule mstari wa chini ambao watu huupitisha macho: mnunuzi atawajibika kulipa kodi na ushuru wote TRA. Anayeushinda mnada kwa bei ya chini hajapata gari la bei ya chini. Amepata gari na deni.

Katika kampuni niliyoitumikia mwanzoni tulikuwa na daftari la jalada gumu, la mkono, ambalo kila gari la msamaha lilikuwa na ukurasa wake, na mkurugenzi wetu, mtu mkali lakini mwadilifu, alikuwa akituambia kwamba gari la msamaha ni kama ng'ombe wa kuazima: unakamua, hulichinji. Nilikuja kuona baadaye kwamba si kila mahali wana daftari.

Jumamosi tulifika Njiro saa nne asubuhi. Dalali alitupokea kwa heshima, akatuletea viti, akaniita mama, akatoa kadi kutoka kwenye bahasha ya plastiki. Nikaishika kadi, nikaitazama, nikaona haina tatizo. Haikuwa ya kughushi. Namba ya usajili ilikuwa ya kweli, jina la mmiliki lilikuwa la mtu, na namba ya shasi iliyoandikwa ilikuwa ya gari la toleo lile. Dalali akasema, "Mama, hata ukiipeleka TRA sasa hivi, itasoma." Nami naamini ingesoma. Nikamwomba tamko la forodha na risiti ya malipo ya kodi. Akasema makaratasi ya zamani yalibaki kwa mwenye gari wa kwanza. Nikauliza mwenye gari wa kwanza ni nani, akataja kampuni ambayo, alivyosema, ilishafungwa.

Wakati mimi nazungumza na dalali, Baba Neema alikuwa amepiga goti karibu na gurudumu la mbele la kulia, mahali ambapo Land Cruiser hupigwa namba kwenye fremu. Aliomba kitambaa na mafuta ya taa kidogo. Alisugua taratibu kama mtu anayemwosha mtoto uso, kisha akaniita. Rangi ya fremu pale kwenye namba ilikuwa nyeusi zaidi kuliko kushoto na kulia kwake. Namba zilisomeka, lakini mbili za mwisho zilikuwa zimezama kuliko nyingine, na kulikuwa na mstari mwembamba wa kuchomelea uliopigwa msasa, ambao mimi nisingeuona hata ningelala chini ya gari mwaka mzima. Akafungua mlango wa dereva, akauvuta mkanda wa kiti hadi mwisho, akageuza kile kitambulisho cha kitambaa kilichoshonwa chini kabisa. Mkanda hutengenezwa na tarehe yake. Uliandikwa 2018. Akaenda mlango wa nyuma, akavuta mwingine: 2018. Akatazama alama ndogo kwenye kona za vioo, kioo hadi kioo, akihesabu kimoyomoyo.

Mtu anaweza kubadilisha uso wa gari la 2012 ukafanana na wa 2018. Hakuna fundi duniani atakayehangaika kubadilisha mikanda yote na vioo vyote vya milango ili vilingane na uso huo.

"Mama," Baba Neema aliniambia tukiwa tumesogea pembeni kwenye mparachichi, "watu wote wanaodanganya umri wa gari hulifanya kijana. Hili wamelizeesha. Kwa nini mtu azeeshe gari lake?"

Jibu lilikuwa lile lile ambalo yeye alishalijua. Gari lililo kwenye kadi lilikuwa gari jingine, la 2012, lililolipiwa kodi zake zote na kisha likaisha, pengine kwenye ajali, likauzwa kama skrepa pamoja na kadi yake. Gari lililo mbele yetu halikuwa na kadi ya kwake inayoweza kuonyeshwa kwa mnunuzi. Basi lilivishwa kadi ya marehemu, na kipande cha fremu chenye namba ya marehemu kikachomelewa mahali pake. Udanganyifu wa aina hii haupitii forodha hata kidogo. Bandarini kila kitu kilikuwa sahihi: tamko sahihi, msamaha sahihi, afisa aliyefanya kazi yake sawasawa. Kodi iliyotakiwa kuamka siku ya mauzo ndiyo iliyozikwa, gereji, kwa tindo na mashine ya kuchomelea.

Kijana alinyong'onyea. Njiani kurudi alijaribu hoja ambayo nimeisikia kwa watu wazima wenye shahada: kwamba yeye hakughushi chochote, anatoa fedha yake halali, na kama kuna kosa basi ni la aliyefanya. Nikamweleza Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inavyosema, kwa sababu hiyo ndiyo inayotumika hapa na Kenya na Uganda vilevile. Kifungu cha 200 hakimgusi tu aliyeingiza mali isiyolipiwa ushuru. Kinamgusa pia anayeipata au kukaa nayo huku akijua, au alipaswa kwa busara ya kawaida kujua, kwamba haikulipiwa, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini ya nusu ya thamani ya mali, au vyote viwili. Maneno ya kuogopa hapo ni hayo ya alipaswa kujua. Gari la milioni mia na zaidi linapouzwa kwa 85 na mwenye nalo hana karatasi moja ya forodha, bei yenyewe ni taarifa. Huwezi kusimama mbele ya hakimu ukasema hukuambiwa.

Akauliza kama deni la namna hiyo halichakai. Kwa kawaida forodha ina miaka mitano ya kudai kodi iliyopunjwa, lakini ukomo huo hauwalindi waliopunja kwa udanganyifu. Na gari lenyewe hubaki likiwa la kutaifishwa wakati wowote, kwa mmiliki yeyote, hata awe wa nne au wa tano.

Nimekuwa nikifuatilia mambo haya kwingineko tangu siku ile, na naona kuwa ujanja ni ule ule kila mahali. Septemba 23, 2025 maafisa wa forodha wa India walivamia nyumba na yadi kadhaa katika jimbo la Kerala kwenye operesheni waliyoiita Numkhor, neno ambalo kwa lugha ya Bhutan lina maana ya gari, wakakamata magari zaidi ya 30. Madai ni kwamba magari hayo ya kifahari yaliingizwa kutoka Bhutan bila kulipiwa ushuru, kisha yakatengenezewa nyaraka zilizoonyesha kwamba yametoka jeshini na katika balozi, na kusajiliwa katika majimbo ya mbali kabla ya kuuzwa kwa watu mashuhuri. Ukiondoa Bhutan ukaweka jina jingine, ni hadithi ambayo fundi wetu angeisimulia akiwa amefumba macho.

Ufilipino walichagua njia ya kutisha. Februari 6, 2018 Rais Rodrigo Duterte alisimama akitazama tingatinga likiponda magari ya kifahari yaliyoingizwa kwa magendo, na pamoja na yale yaliyopondwa siku hiyo hiyo katika miji mingine yalifika 30. Julai mwaka huo wakaponda mengine 68 na pikipiki 8. Zile picha zilizunguka dunia nzima, na nakiri kwamba niliitazama moja mara mbili. Lakini mhasibu ndani yangu anakataa. Gari lililopondwa halirudishi kodi. Linampa mtazamaji furaha ya dakika moja, na hazina inabaki na gharama ya tingatinga. Napendelea mnada wa hadharani wa kwetu, kwa sharti moja: anayenunua mnadani apewe kadi mkononi palepale, kodi ikiwa imekatwa ndani ya bei, asiachiwe mstari wa chini wa tangazo na uaminifu wake mwenyewe. Nafasi kati ya nyundo ya mnada na dirisha la TRA ndiyo inayozaa mambo ya Njiro.

Mtoto wa dada yangu alipanda Machame Desemba ile na Noah yake, akiwa ameioshea Boma Ng'ombe hadi inang'aa. Baba yake alimwuliza kuhusu duka, hakumwuliza kuhusu gari. Mwaka uliofuata alinunua Prado iliyotumika, akailipia kodi yote, akaja kunionyesha risiti kabla ya kunionyesha gari.

V8 nyeupe niliendelea kuiona. Mara ya kwanza ilikuwa Kijenge, kwenye sehemu ya kuoshea magari, ikiwa na kreti za soda nyuma. Mara ya pili ilinipita kwenye barabara ya Moshi karibu na Tengeru, dereva akiwa mtu ambaye simfahamu. Kisha, Ijumaa moja ya Mei 2024, mtu huyo huyo alibisha ofisini kwangu akiwa na bahasha ya kaki. Baba Neema ndiye aliyemwelekeza. Alikuwa amelinunua gari kwa dalali yule yule, kwa milioni 92, na sasa alikuwa na barua inayomtaka alifikishe gari Jumatatu kwa ukaguzi, pamoja na nyaraka za uingizaji. Ndani ya barua ilitajwa namba ya shasi ambayo haikuwa ile ya kwenye kadi yake. Ilikuwa ya gari lililoingia kwa msamaha wa taasisi moja, likauzwa kwa mnada mwaka 2021, na aliyelishinda mnadani hakuonekana tena.

Aliniomba nimpigie hesabu tu, ajue ukubwa wa shimo. Thamani ya gari wakati wa mauzo yale, kwa makadirio, ilikuwa dola 40,000. Ule mfano wa juu nimeuchukua kwenye faili lake. Kodi ni 24,900. Sheria ya forodha inaweka riba ya asilimia 2 kwa kila mwezi wa kuchelewa, ambayo ni dola 498, na tangu Oktoba 2021 ilikuwa imepita miezi 31. Riba pekee ni dola 15,438. Nikajumlisha mbele yake, nikageuza kikokotoo aone mwenyewe: 40,338. Nikamweleza kwamba hapo sijagusa faini, wala uwezekano wa gari kutaifishwa, wala suala la namba ya shasi ambalo ni la polisi; kwamba sheria inampa kamishna nafasi ya kumaliza baadhi ya makosa kwa maridhiano nje ya mahakama; na kwamba Jumatatu aende mwenyewe, mapema, akiwa na wakili na jina la dalali.

Alinyamaza kwa muda mrefu akilitazama dirisha, ambako V8 ilikuwa imeegeshwa chini ya mjakaranda, imeoshwa.

"Mama," akaniuliza, "na nikiliuza kesho?"

Nikamwuliza amemfikiria nani.